Kiti Kimekufa, Dereva Alipe?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama madereva na mafundi wa Migori na Homa Bay. Imeandikwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Twajua wengine wenu mnajiuliza, watu wa reli wametafuta nini huku? Reli haifiki Homa Bay wala Migori. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na kilichokuja gati ya Homa Bay siku zile zilikuwa ni meli za reli tu, na meli zenyewe siku hizi ni hadithi za wazee. Lakini sisi wachache tunaofanya kazi ya umeme wa mabehewa tumezaliwa huku, na tukija likizo hatupumziki. Mmoja ana redio mbovu, mwingine ana betri ya sola, wa tatu ana motokaa. Ndivyo tulivyoingia katika mambo ya viti.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu yetu mmoja mwanachama ni dereva wa kampuni ambayo hatutaitaja jina. Kazi yake ni kumchukua mkubwa wake kutoka Homa Bay, kupitia Rodi Kopany na Rongo, mpaka Migori, na siku nyingine mpaka Isebania mpakani, kisha kumrudisha. Motokaa imetoka Japani, ina viti vya ngozi yenye vitundu vidogo, na karibu na gia kuna swichi mbili kwa kila kiti cha mbele: moja ya kutia joto, ya pili ya kuleta ubaridi. Mkubwa alikipenda sana kile kiti cha ubaridi, na nani angemlaumu? Jua la ziwani mnalijua. Siku moja kiti kikakataa. Gari likapelekwa kwa fundi, fundi akatia mita yake, akasema, "Umeme unafika, volti 12 kamili. Kiti chenyewe ndicho kimekufa. Ninyi mnunue kiti kizima." Bei iliyotajwa ilikuwa mshahara wa dereva wa mwezi na nusu. Ofisi ikasema kwamba aliyekuwa na gari ni dereva, kwa hiyo alipe dereva, akatwe kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza akakatwa.

Alitujia nyumbani Jumapili akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Akasema, "Omera, mimi swichi ile sijaigusa hata siku moja. Ile ni ya mkubwa. Nami nina ada ya shule." Tukamwambia aombe ruhusa gari litazamwe tena kabla ya kiti kununuliwa. Mkubwa hakukataa.

Kabla ya kuwaeleza tulichokiona, yafaa tujue ndani ya kiti mna nini, maana mtu hawezi kutafuta ugonjwa wa kitu asichojua kinavyoishi.

Viti hivi havikutengenezwa kwa ajili yetu. Japani kuna nchi ya theluji, kama kisiwa cha Hokkaido, na kaskazini ya Ulaya ni vivyo hivyo. Kampuni ya Saab ya Sweden ilianza kuuza motokaa zenye viti vya joto mwaka 1971, na mwaka 1997 gari lao la 9-5 likatoka na viti vya kupitisha hewa. Serikali yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake wapita miaka 8. Basi magari yanayoshushwa Mombasa sasa ni ya wakati ambapo mambo haya yamekwisha kuwa ya kawaida. Mtu ananunua gari kwa sababu ya injini yake, kumbe amepewa na jiko chini ya makalio bila kuliomba.

Jiko hilo ni waya wa moto tu, ndugu yake waya wa pasi, uliopindwapindwa ndani ya kitambaa chini ya ngozi. Upo wa pale unapokalia na upo wa mgongoni. Katikati yake mna kipima joto kidogo kama punje ya mtama, ambacho hukiarifu kisanduku cha kuamuru kwamba sasa joto latosha, punguza. Tufanye hesabu ya shule. Waya wenye omu 2.4 ukipewa volti 12 utavuta ampea 5, na 5 mara 12 ni wati 60. Yaani mtu amekalia balbu moja ya zamani ya nyumbani. Ikitulizwa na kile kipima joto ni raha. Isipotulizwa ni jambo jingine, nalo tutalirudia.

Ubaridi una namna mbili. Ya kwanza ni feni ndogo ndani ya kiti, ambayo hupuliza au huvuta hewa kupitia vile vitundu vya ngozi. Feni hiyo haitengenezi baridi yoyote, yakausha jasho tu. Ya pili ina kibamba kinachofuata kanuni iliyogunduliwa mwaka 1834 na Mfaransa Jean Peltier, ambaye alikuwa fundi wa saa kabla ya kuwa mwanasayansi. Ukipitisha umeme katika kibamba hicho, uso mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Ukigeuza umeme, nyuso hubadilishana. Kwa hiyo kiti kimoja kwa kibamba kimoja chaweza kutoa joto na baridi. Lakini ule moto wa uso wa pili lazima uende mahali, na feni ndiyo inayoupeleka nje, chini ya kiti. Sasa wewe dereva ukisukuma gunia la omena chini ya kiti, umeziba bomba la moshi la mashine hiyo. Kibamba kitapata moto kupita kiasi, kisanduku kitaona hatari na kuzima, na utasema kiti kimekufa. Toa gunia kwanza.

Lile la ndugu yetu lilikuwa la namna ya kwanza, feni tupu.

Sisi wa reli tuna desturi moja. Line ikikatika mahali fulani kati ya Nakuru na Kisumu, mtu mwenye akili haanzi kutembea kwa miguu kutoka Nakuru akitazama mataruma moja moja. Hupiga simu stesheni iliyo katikati na kuuliza, je, treni imepita hapo? Ikiwa imepita, upande wa Nakuru ni mzima, na nusu ya kazi imekwisha bila kuinuka kitini. Kisha huuliza katikati ya nusu iliyobaki. Umeme wa kiti ni line vilevile. Huondoka kwenye betri, hupita fyuzi, rilei, swichi, kisanduku cha kuamuru, hushuka chini ya zulia mpaka kwenye plagi iliyo chini ya kiti, huingia katika feni au waya wa moto, kisha hurudi betri kwa kupitia bodi ya gari. Msisahau kurudi. Treni isiyoweza kurudi kesho haiji. Mafundi wengi wanatafuta njia ya kwenda tu.

Stesheni ya katikati katika kiti ni ile plagi iliyo chini yake. Hapo ndipo tunapoanzia. Lakini sikilizeni neno moja kwanza, na mwenye daftari aandike. Chini ya kiti mna plagi za manjano pia. Hizo ni za mfuko wa hewa, ule unaofutuka gari likigonga. Hatuzipimi kwa mita, hatuzitii taa, hatuzigusi. Ule mfuko hufyatuka kwa baruti, na umeme kidogo tu watosha kuufyatua usoni pako. Kabla ya kukifungua kiti, zima gari, toa waya wa hasi wa betri, ngoja dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoagiza, ndipo uanze. Fundi anayekuambia mambo haya ni ya waoga, mwachie spana yako uondoke.

Haya. Jumamosi tulilifungua gari chini ya mwembe. Tuliyatazama kwanza yale ya bure. Fyuzi nzima. Taa ya swichi inawaka. Kiti cha dereva, ambacho nacho kina swichi, kinapuliza vizuri, kwa hiyo vitu vinavyotumika na viti vyote viwili viko salama. Ugonjwa uko upande wa mkubwa peke yake. Mnaona tumekwisha kukata nusu ya line kwa macho tu.

Tukamwuliza feni wa kiti. Feni hii ilikuwa ya waya mbili, basi tukaiondoa kwenye plagi yake na kuipa umeme wa betri moja kwa moja, tukiweka fyuzi ndogo katikati. (Zile zenye waya tatu au nne msizifanyie hivyo, maana hungoja amri ya kisanduku.) Ikazunguka mara moja, tena kwa nguvu. Ndugu yetu dereva alisimama kimya akiitazama. Kiti ambacho alikuwa amekatwa mshahara kwa sababu kimekufa kilikuwa kinampulizia mkononi.

Basi umeme haufiki? Fundi wa kwanza alisema unafika, na hakusema uongo. Sisi nasi tulitia mita kwenye plagi ikasoma volti 12. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, nasi tulipotea vivyo hivyo miaka ya mwanzo katika mabehewa. Mita haiombi kitu, inachungulia tu. Waya wenye nyuzi 20 ukikatika nyuzi 19, mita bado itasoma 12, maana uzi mmoja watosha kuchungulia. Lakini feni ikiomba umeme wa kufanyia kazi, ule uzi mmoja haubebi. Mbuzi hupita juu ya daraja ambalo lori litalivunja. Ukipitisha mbuzi ukasema daraja ni zima, umepima mbuzi.

Dawa yake ni taa. Chukueni balbu ya indiketa, ile ya wati 21, itieni waya mbili. Hiyo huvuta karibu ampea 2, ni lori dogo. Tuliiweka kwenye plagi ya kiti mahali pa feni, ikawaka hafifu kama jicho la mgonjwa. Papo hapo mita ikaanguka ikasoma volti 4 na kitu. Daraja bovu limepatikana, bado kujua liko upande gani. Tukauhamisha waya wa kurudi wa taa kwenye bolti safi ya bodi, taa ikabaki hafifu. Basi njia ya kurudi ni nzima, ubovu uko njia ya kwenda. Tukaipeleka taa nyuma mpaka kwenye kisanduku cha kuamuru, ikawaka vizuri. Kwa hiyo ni kati ya kisanduku na plagi, kipande cha mkono mmoja na nusu chini ya zulia. (Taa hii ni ya waya nene za umeme wa feni na wa moto tu. Waya nyembamba za kisanduku na kipima joto mzipime kwa mita, msije mkaunguza kitu cha bei.)

Tuliinua zulia. Kiti nacho kina reli zake, mnajua, zile za kukisogeza mbele na nyuma. Chini ya mguu wa reli ya nje, waya ulikuwa umebanwa na bolti, mpira umepasuka, shaba imekuwa kijani kwa maji ya kuoshea gari. Nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizokuwa zimeshika.

Waya haukujiingiza pale. Dereva akakumbuka: miezi mitatu nyuma viti vyote viliondolewa vikapelekwa kuvikwa kava mpya. Aliyevirudisha alikaza bolti juu ya waya. Na aliyeagiza kava ni ofisi yenyewe, risiti iko na muhuri. Dereva hakuingia popote katika habari hiyo ila kulileta gari na kulichukua.

Tulikata kipande kibovu, tukaunga kipya kwa risasi, tukakivika mpira, tukakifunga mbali na reli. Gharama yote haikufika bei ya samaki mmoja wa kukaanga pale gatini. Jambo la kuchekesha ni kwamba feni ilizunguka, lakini mkubwa alipokaa hakusikia ubaridi wowote. Kava mpya za plastiki zilikuwa zimeziba vitundu vyote vya ngozi! Ilibidi kava ya kiti chake ivuliwe. Tunawaambia ninyi nyote mpendao kuvika viti nguo tatu tatu: kiti cha feni hakipumui chini ya plastiki, na kiti cha joto kikivikwa nguo nzito, ule moto hukaa ndani.

Sasa tuje kwenye mshahara, maana ndio uliotuleta hapa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, lakini kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu. Si kwa sababu alikuwa karibu, wala si kwa sababu hakuna mwingine wa kumlaumu. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Kadhalika kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo wakati wa maelezo. Wengi wenu mnaingia ofisini peke yenu, mnatoka mmetia sahihi.

Lakini sheria bila ushahidi ni mita bila taa. Ndugu yetu hakwenda kulia. Alikwenda na mjumbe wa tawi, na kile kipande cha waya ndani ya bahasha, na nakala ya risiti ya kava, na karatasi moja tuliyoandika tulichopima na tulichopata. Mwezi wa pili hakukatwa. Fedha za mwezi wa kwanza hazijarudi hata leo. Katibu ameandika barua mbili, ya tatu iko njiani, nasi hatutawaficha kwamba jambo hili halijaisha.

Kwa hiyo mkipewa gari, kila kasoro iandikeni siku ile ile mnapoiona: tarehe, swichi gani, taa yake ilifanya nini, nani aliarifiwa. Kama taa ya swichi huwaka kidogo kisha hujizima yenyewe, liandikeni hilo, maana ni kisanduku kinasema kimeona waya umekatika au umepiga shoti. Kama mgongo una joto na pa kukalia hapana, andikeni. Mara nyingi hapo ni mtu aliyepiga magoti juu ya kiti akipakia mizigo ya nyuma, na goti hukata waya wa moto kama kisu. Tumeviona vingi hivyo katika gari za abiria. Panya nao wanakula waya, hasa gari likilala karibu na ghala la mahindi. Na gari la betri dhaifu lisishitakiwe haraka, maana vingi vya viti hivi hujizima vyenyewe betri ikishuka.

Kipima joto chapimika kwa urahisi. Kikiondolewa kwenye kisanduku chake, tia mita ya omu, kisha kipashe joto kwa kiganja juu ya kiti. Hesabu hushuka polepole. Ikisimama pale pale kama jiwe, au mita isiposoma kitu, kimeharibika.

Hapo ndipo twataka kusema kwa ukali kidogo. Kuna mafundi, na wengine wamo humu ndani, ambao kiti kikisumbua huruka kipima joto na kuunga waya wa moto moja kwa moja. Kuna wengine ambao fyuzi ikiungua huweka kipande cha waya au karatasi ya sigara. Ndugu, zile wati 60 zisizo na mlinzi zitatoboa ngozi, zitoboe na suruali, na sponji ya kiti ni kuni. Na yuko mtu mwingine wa kumwonea huruma: mwenye ugonjwa wa sukari aliyepungua hisia, au aliyepooza. Huyo hukaa juu ya kiti kinachomchoma asijue, akashuka na kidonda. Ikiwa unamwendesha mzee wa namna hiyo na huku kwetu kuna joto tayari, swichi ile ya joto toa fyuzi yake kabisa, ukimwarifu mwenye gari. Hapati hasara yoyote. Baridi ya Hokkaido haitafika Kendu Bay.

Na dereva akiungua kazini kwa kiti kibovu, hiyo ni ajali ya kazi kama ajali nyingine. Aarifu, aandikwe. Asione haya kwa sababu ya mahali alipoungua.

Mita ndogo ya kuanzia hupatikana Migori kwa chini ya shilingi 1,000, nasi twapendekeza kila steji inunue moja kwa mchango iwekwe kwa mjumbe. Balbu na waya mbili mtajitengenezea wenyewe leo. Tumekuja na risasi ya kuungia na balbu kumi na mbili.

Bwana Mwenyekiti, tukikupa nafasi ya maswali humu ndani tutakaa mpaka jioni, na mvua yaja. Gari mbili ziko nje, moja joto lake halizimiki na nyingine feni yake inapiga kelele. Twende tukaulizie hapo. Wenye mikono safi washike daftari.